Namna ya Kuvipiga Chenga “in”, “on” na “at” Ukiwa Ukunda

Sogea karibu, maana haya hayasemwi darasani. Vihusishi vya Kiingereza, vile vijineno vya “in”, “on”, “at”, “for”, “to” na jamaa zao, havina kanuni ya kukufikisha mwisho wa safari. Ziko kanuni za kukuondoa stegi, kisha zinakuacha njiani. Mwingereza mwenyewe hakuvisomea. Alizaliwa akavikuta nyumbani. Wewe umevikuta ubaoni, ukaambiwa uvikariri, ukavikariri, na siku ya usaili hotelini Diani vikakukimbia vyote.

Basi usimalize ujana wako ukivifukuza. Vikwepe. Na pale pasipokwepeka, kosea kwa namna ambayo haitakugharimu mkate wako. Ninayaandika haya kwa ajili yako wewe mhudumu, wewe wa boda, wewe mama unayeuza leso ufuoni, na wewe mwanafunzi wa kidato cha nne. Inaniuma mtu anayeijua kazi yake arudishwe nyumbani kwa sababu ya neno lenye herufi mbili.

1. Kwanza, tua aibu

Tembea ufuo wa Diani asubuhi moja uhesabu umesikia “Jambo!” mara ngapi. Kwa sarufi yetu, neno hilo halijatimia. Sisi husema hujambo, hamjambo, sijambo. Tumelikata kichwa wenyewe ili mgeni asijing’ate ulimi, tukalitia kwenye nyimbo, kwenye fulana na kwenye vinyago, na hakuna bibi wa Kidigo aliyekwenda kushtaki. Mgeni akilitamka tunafurahi, tunamwitikia, tunamuuzia.

Kipe Kiingereza chako ruhusa hiyo hiyo. Ukimwandikia mgeni “I am waiting you at the gate”, atafika getini. Hatapotea akaishia Lungalunga. Kumbuka pia kwamba wewe una Kidigo cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha kazini, na yeye huenda ana lugha moja tu. Hilo liweke moyoni wala usilitaje. Ukilitaja ni majivuno. Ukilinyamazia linakunyoosha mgongo.

2. Meza kitenzi pamoja na kijineno chake

Hapa kaa vizuri, maana ndipo penye kazi.

Kiswahili hukifungia kihusishi ndani ya kitenzi. Ukisema pika, chakula kiko jikoni. Ukisema pikia, tayari yuko mtu atakayekula. Lipa, lipia. Nunua, nunulia. Hama ni kuacha nyumba, hamia ni kuingia nyingine. Na tazama hili: “anamkimbia polisi” na “anamkimbilia polisi”. Wa kwanza ana lake la kuficha, wa pili ameibiwa. Tofauti yote imo katika silabi moja, na hakuna mtoto wa Mvindeni anayeikosea.

Mwingereza hufanya kazi hiyo hiyo kwa nje. Kitenzi chake hakibadiliki tumbo. Anakitundikia kijineno ubavuni: “run from”, “run to”, “pay”, “pay for”. Kwa hiyo usijifunze “pay” leo na “for” Alhamisi. Kwenye daftari lako andika “payfor”, neno moja, bila nafasi katikati, na mbele yake andika lipia. Mwalimu akiliona atalipigia mstari mwekundu. Mwache apige. Daftari ni lako, na kichwa kitakachokwenda kwenye usaili ni chako.

Baada ya hapo shughulika na hivi sita, maana ndivyo vinavyotuangusha zaidi. Kwetu vinasimama peke yake, kwao lazima viongozane na kijineno. Sikiliza ni “listento”. Ngoja ni “waitfor”. Tafuta ni “lookfor”. Angalia ni “lookat”. Tegemea ni “dependon”. Omba ni “askfor”. Sisi husema nisikilize, ningoje, nitafute. Mtu anaingia ndani ya kitenzi bila kupita kwa bawabu. Ndiyo maana utasikia “listen me” na “wait me” kuanzia stegi mpaka ufuoni. Anayesema hivyo si mjinga. Anafuata sarufi aliyonyonya kwa mama yake, ila ameifuata ndani ya nyumba ya watu wengine.

Na “look” ichunge peke yake. “Look at” ni tazama, “look for” ni tafuta, “look after” ni tunza, na “look out” ni jihadhari. Nahodha wa Shimoni anayepeleka wageni Kisite, akiona pomboo kisha akapaza sauti “Look out!”, wageni watainamisha vichwa na pomboo watapita bila kuonwa. Aseme “Look! Dolphins!” Kijineno hakikuhitajika hata kidogo. Shika hilo: ukiwa na shaka, taja kitu chenyewe na unyooshe kidole.

3. Wasiotaka kusindikizwa, waache waende

Upande wa pili viko vitenzi vinavyotosheka na nafsi zao: “discuss”, “enter”, “reach”, “approach”, “marry”, “contact”, “emphasise”, “request”. Sisi Wakenya tuna ukarimu navyo. Tunavipa wasindikizaji ambao havikuomba: “discuss about”, “emphasise on”, “request for”, “enter into the room”. Wafukuze wasindikizaji hao. Kwa mfano, Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, na mgeni hufungwa shuka nyeusi kiunoni kabla ya kukanyaga ndani. Mwongozaji aseme “before we enter the kaya”, anyamaze hapo.

“Request” ina ujanja kidogo. Ikiwa nomino, inaitaka “for”: “a request for water”. Ikiwa kitenzi, haiitaki: “request water”. Ukiona hilo ni gumu, sema “I need water”.

4. Kipitishe kwa sauti ndogo

Mbinu hii ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu ni ya udanganyifu na wakati huo huo ni sahihi.

Kiswahili hutenda haki: kila silabi inapata sauti yake kamili, na ile ya pili kutoka mwisho inaongezewa mkazo. Kiingereza hakina haki hiyo. Kinawanyanyua wakubwa, yaani nomino na vitenzi, na kuwakandamiza wadogo. Msikilize mgeni kwa makini. “To” yake ni pumzi tu. “For” yake imebaki herufi moja. “At” yake imepita na hukuiona. Hata vitabu vya matamshi vya Waingereza vinakubali kwamba vijineno hivyo vina umbo dhaifu, na ndilo linalotumika katika mazungumzo ya kawaida.

Sasa wewe unakuja na “AT” yako iliyonyooka, yenye nguvu za Kiswahili, na ikiwa umeikosea unakuwa umeiwashia taa. Ipunguze. Paza kitenzi, paza nomino, kijineno kipitishe upesi mdomo ukiwa nusu wazi: “WAIT f’me.” “GO t’MomBAsa.” Unavuna mara mbili. Kama kimekosewa, hakuna aliyekisikia. Kama kimepatiwa, lafudhi yako imesogea karibu na yao, maana wao wenyewe husema hivyo. Jizoeze kwenye matatu ya Likoni kurudi Ukunda. Injini na muziki vitakusitiri.

Kwenye WhatsApp mbinu hii haikusaidii.

5. Ukibanwa, toa kitenzi kizito

Mwaka 1066 Wanormani waliivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, makanisani na vyuoni wakaandika Kilatini, na wanyonge wakabaki na Kiingereza chao. Faida ya vita hivyo imekufikia wewe hapa Kwale: Kiingereza kina seti mbili za vitenzi. Kuna vya wanyonge, “put”, “get”, “give”, “take”, ambavyo kila kimoja huburuta vijineno vya kukuchanganya. Na kuna vilivyotoka Kifaransa na Kilatini, ambavyo vingi hutembea peke yake.

Kila unapoweza, chukua cha wakubwa. Badala ya “put off” sema “postpone”. Badala ya “put out” sema “extinguish”. Badala ya “put up with” sema “tolerate”. “Give back” iwe “return”, “find out” iwe “discover”, “get in” iwe “enter”. Cha wakubwa hakina mkia wa kukanyagiwa, na anayekusikiliza atadhani umesoma Makerere. Ama ukishikilia “put” ukavurugikiwa na mikia yake, utaahirisha moto, utazima mkutano, na meneja utampa malazi.

Mwingereza mmoja aliyeitwa C. K. Ogden alishika njia ya kinyume. Mwaka 1930 alitangaza Kiingereza chake cha msingi, Basic English, chenye maneno 850 tu. Vitenzi vilikuwa 18: “come”, “get”, “give”, “go”, “put”, “take” na wenzao. Mengine yote ungeyaunda kwa kuvifunganisha na vijineno. Hata Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliupigia debe mradi huo mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Kwenye karatasi unatamanisha: maneno 850, unaanza na mwandamo wa Ramadhani, Idi inakukuta umeshamaliza.

Lakini nani aliwahi kushindwa na wingi wa maneno? Vijana wa ufuoni wameokota Kijerumani na Kiitaliano bila hata kitabu, wakipokea sentensi nzima nzima kutoka midomoni mwa wageni. Neno utalibeba. Kinachoshinda ni “put” ikutane na “up” na “with”, maana hizo tatu ukizijumlisha hazikupi jibu. Ogden alimtua mwanafunzi mzigo mwepesi akamwachia ule mzito. Mimi nakuambia geuza: vitenzi viongeze, vijineno vipunguze.

Kwa kiasi, lakini. Kumwambia mgeni “Kindly extinguish your cigarette” ni adabu. Kumwambia mpenzi wako “I cannot tolerate your departure” ni barua ya kumwachisha kazi.

6. Chombo kinachokusimamisha na chombo kinachokukunja

Kwa bahati hapa iko kanuni, tena inashikika kwa mwili. Chombo unachoweza kusimama ukatembea ndani yake ni “on”. Kile kinachokukunja ukae ni “in”. Feri ya Likoni: “on the ferry”. Basi la Nairobi: “on the bus”. Teksi: “in the taxi”. Tuktuk: “in the tuktuk”. Boda unaikalia juu, kwa hiyo “on”, na ngamia wa ufuoni vivyo hivyo. Ndege inayotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikatua kiwanja cha Ukunda ni “on the plane”, hata ile ndogo inayokuinamisha. Ndege zote zimepewa heshima moja.

Na matatu? Nissan inakukunja, basi wewe uko “in”. Kondakta anayening’inia mlangoni, huyo kwa haki zote yuko “on”.

Kushuka kunafuata kupanda. Uliyekuwa “on” unashuka “off”. Uliyekuwa “in” unatoka “out of”. “Get off the ferry”, “get out of the taxi”. Ukitaja chombo kama njia tu ya kusafiri, bila “the” wala “a”, tumia “by”: “by ferry”, “by bus”, “by tuktuk”. Anayetumia miguu yake ni “on foot”, na pale Likoni hatoi hata senti, wenye magari ndio wanaolipa. Kwa hiyo kila unapovuka, lifanye liwe somo: “I wait for the ferry, I get on the ferry, I cross the channel, I get off the ferry.” Umeona “cross” imepita bila kijineno? Ni ya lile kundi la wasiosindikizwa. Ukiikwepa feri ukazungukia barabara ya Dongo Kundu, umejinyima darasa la bure.

Wakati nao una vijineno vyake, kwa ngazi tatu. Saa ni “at”, siku ni “on”, mwezi na mwaka ni “in”: “at seven”, “on Friday”, “in August”. Kidogo “at”, kikubwa “in”. Asubuhi na jioni ni “in”, usiku ni “at”, na sababu usiulize. Ila kabla ya kuhangaika na kijineno, hakikisha saa yenyewe. Saa moja yetu ni “seven”. Mwenye boti aliyemwambia mgeni “at one” akiwa na maana ya saa moja asubuhi atamngoja kwa muda wa saa sita nzima, na “at” yake haikuwa na kosa lolote.

7. Simama kando ya barabara ya Diani

Hii haitaki maelezo mengi. Mbega wanapita juu, kwenye madaraja ya kamba waliyotundikiwa ili wasigongwe na magari: “over the road”. Mbuzi anakatiza: “across the road”. Boda anaifuata kuelekea mahotelini: “along the road”. Maji ya mvua yanapita kwenye kalvati: “under the road”. Wewe uliyesimama unatazama uko “by the road”. Dakika tano tu, na mwalimu wako ni mbega.

8. Sikiliza mkia wa kitenzi chako

Sasa tuingie mahali ambapo unamshinda Mwingereza uwanjani kwake.

“Lie” na “lay” huwatesa wenye lugha yenyewe. Wapo waliosoma hadi chuo kikuu na bado huwaambia watu “lay down”. Wewe una lala na laza. Anayelala mwenyewe “lies”. Anayemlaza mtoto “lays”. Umeshamaliza. “Rise” ni inuka, “raise” ni inua. “Fall” ni anguka, “drop” ni angusha. “Remember” ni kumbuka, “remind” ni kumbusha. Kiswahili kilikupa hiyo mikia mapema, kabla hujavaa sare ya shule.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mdomo, kiseme kitenzi kimoyomoyo kwa Kiswahili usikilize kinavyoishia. Je, kuna mtu mwingine anayefanyishwa jambo? Anayesema “Remember me to bring the towels” amesema kumbuka alipotaka kumbusha. Kwa Kiswahili asingekosea hata akiwa usingizini. Alikosea kwa sababu alikimbilia Kiingereza bila kupitia nyumbani.

Sehemu mbili zitakusaliti. Ya kwanza ni wakati uliopita wa “lie”, ambao kwa fitina zao ni “lay”. Sema “slept” uende zako. Ya pili ni azima. Kwetu “niazime kalamu” na “nimeazima kalamu” ni kitenzi kimoja kinachotazama pande zote mbili. Kwao aliyetoa ana “lend”, aliyepokea ana “borrow”, na sisi tunachanganya hadi kusema “borrow me your pen”. Usichague yoyote kati ya hizo. Sema “Can I use your pen?” Kalamu utapewa.

9. Usidai sababu

Tunapiga simu. Tunapiga pasi, picha, mswaki, deki, hodi na mbizi. Katika yote hayo hakuna aliyeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutuuliza kwa nini, nasi humjibu: ndivyo inavyosemwa. Jibu hilo hilo lipokee unapokutana na “make a call”, “take a photo” na “do the laundry”. Sisi tuna fanya. Wao kazi hiyo wamewagawia watumishi kadhaa, na kila mmoja ana zamu yake. Ukitaka pa kushika, “do” ni kazi na “make” ni kitu kinachotokea mwishoni: “do the dishes”, “do the room”, “make tea”, “make a cake”. Kitanda nacho ni “make the bed”. Wanakihesabu kuwa kinaundwa upya kila asubuhi.

Ila yapo mambo matatu ambayo sikuruhusu kuyakosea ukiwa kazini, kwa sababu yanamtisha mteja.

La kwanza, “I’m coming”. Mgeni anakuita, unamjibu nakuja, kisha unageuka unaenda jikoni. Kwetu ni sawa kabisa. Yeye ameona mtu anayesema anakuja huku akitokomea. Sema “I’ll be right back”.

La pili, “I will pick you at seven”. “Pick” bila “up” ni kuchuma. Umemwahidi bibi wa watu kwamba utamchuma kama embe. Ongeza “up”: “I will pick you up at seven”. Na ukitaka kuikwepa, usikimbilie “I will come for you”, maana kwenye sinema zao hayo ni maneno ya muuaji. Sema “I will be at your gate at seven”. Tena “drop” nayo ni kuangusha. Abiria wako mwambie utam-“drop off”, asije akashika kiti kwa mikono miwili.

La tatu, “I hear a bad smell”. Sisi husikia harufu, njaa na baridi. Wao husikia sauti peke yake. Harufu ni “smell”, njaa na baridi ni “feel”.

10. Karatasini hakuna pa kunong’ona

Mwanafunzi, hii ni yako. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya pili ya Kiingereza ina alama 15 za sarufi, na ya kwanza ina kifungu cha mapengo chenye alama 10. Humo vijineno vinakungoja, na mtahini hasikii sauti yako ndogo.

Usikariri orodha. Orodha husahauliwa getini. Mtwike mjomba wako: “My uncle is good at football, interested in goats, afraid of my aunt, proud of his moustache, tired of Likoni and married to a teacher. He was accused of stealing a goat but he was never charged with anything.” Mjomba mmoja, vijineno vinane. Hapo umeshaipita mitego miwili ya watahini: mtu huwa “married to” mwenzake, wala si “with”, hata kama sisi twasema ameolewa na fulani, na “accused” huandamana na “of” wakati “charged” huandamana na “with”. Mchague mjomba wa kweli, mwenye sharubu za kweli, kwa kuwa akili hushikilia mtu kuliko kanuni. Daftari tu usimwonyeshe.

Umekwama kabisa? Usiache pengo wazi. Jaza “of”. Ndicho kihusishi kinachoonekana mara nyingi zaidi katika Kiingereza kilichoandikwa, na hasa baada ya sifa za moyoni, hofu, fahari, wivu na uchovu, “afraid”, “proud”, “jealous”, “tired”, una nafasi nzuri ya kupatia.

11. Ukikosolewa, hamia Marekani

Siku itafika. Utateleza mbele ya watu na mmoja wao atakurekebisha akitabasamu. Usiombe radhi mara tatu. Jua kwanza kwamba wenye lugha hawajakubaliana wao kwa wao. Mwingereza husema “at the weekend”, Mmarekani husema “on the weekend”. Mwingereza mgonjwa yuko “in hospital”, Mmarekani mgonjwa yuko “in the hospital”. Fomu ya mgeni pale mapokezi, Mwingereza atai-“fill in”, Mmarekani atai-“fill out”. Kuna “different from”, kuna “different to”, na kuna “different than” ya ng’ambo ya Atlantiki. Na ugomvi wenyewe si wa jana. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekuwa kaburini kwa miaka 35, kwa kumalizia sentensi na kihusishi, na hadi leo wapo wanaoligombania hilo.

Kwa hiyo kosa lako likiangukia upande wa Marekani, tabasamu useme “That is the American way”. Mara nyingi itakuwa kweli. Likiwa halipo upande wowote, sema “Thank you”, liandike usiku kwenye daftari likiwa limeunganishwa na kitenzi chake, na kesho ulitumie kwa yule yule aliyekurekebisha. Watu hupenda kuona somo lao limeshika. Wengine humkumbuka mhudumu wa namna hiyo wakati wa kuondoka.

Na ikitokea Mwingereza na Mmarekani wameketi meza moja, uwanja ni wako. Wawekee vinywaji, kisha uliza kwa upole: “Is it ‘at the weekend’ or ‘on the weekend’?” Nenda ukachukue oda ya meza nyingine. Utakaporudi watakuwa bado wanabishana na chupa zimekwisha. Sema “Another one?” Haina kihusishi hata kimoja.